Vifaa vya uokoaji wa poromoko la theluji: transiva zinarukaruka namba, fimbo ya sm 240, mabeleshi ya plastiki

mtunza_stoo

Habari wakuu. Nasimamia vifaa vya timu ya watu 6 inayochimba mashimo ya kupima theluji kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 40. Tunakagua kabla ya msimu. Vilivyopo:

- transiva 6 za antena tatu (redio ndogo za kuvaa mwilini: zinarusha mawimbi, na zikiwekwa kwenye kusaka zinamtafuta aliyefukiwa), 4 za mtengenezaji mmoja na 2 za mwingine
- fimbo za kudungia theluji kumtafuta aliyefukiwa, 6: tatu za kaboni sm 240, tatu za alumini sm 320
- mabeleshi 6, mawili kati yake sahani ni ya plastiki
- mikoba ya puto 2, ya mtungi wa gesi (ukivuta mpini puto linajaa likusaidie kubaki juu ya theluji)

Transiva mbili zinanitatiza. Zikirusha, wenzake wanazipata vizuri. Zikiwekwa kwenye kusaka, namba inaruka 31, 12, 40, na mshale unazunguka hata kama anayerusha amelala tuli mita 20 mbele. Zimekufa?

Pili, fimbo ya sm 240 inatosha? Tatu, beleshi la plastiki lina ubaya gani hasa, maana ni jepesi na watu wanalipenda? Na mwisho, fedha iliyopo inatosha jambo moja kubwa: kuongeza mikoba ya puto 4, au kubadilisha transiva zote. Mngeanza na lipi?

---

mteremko38

Usizitupe bado. Kifaa kinachorusha vizuri lakini kinaona mizimu kwenye kusaka, mara nyingi shida iko kwa aliyekishika, si ndani ya kifaa. Transiva zote, za mtengenezaji yeyote, zinatumia kilohezi 457, kwa hiyo kuchanganya kampuni si tatizo. Ila zikiwa kwenye kusaka zinatega sikio kwa mawimbi dhaifu sana, na chochote chenye umeme jirani kinazipigia kelele.

Kanuni ya umbali: sm 20 kati ya transiva na kifaa kingine cha umeme wakati wa kurusha, sm 50 wakati wa kusaka. Hiyo 50 ndiyo inayosahaulika. Simu ya mfuko wa kifuani iko sm 30 tu kutoka mkono ulionyooka nusu. Kagua kwa mpangilio huu, ukiondoa kitu kimoja kimoja huku msakaji amesimama palepale:

Saa ya mkononi yenye GPS. Watu huvua simu wakasahau saa, na transiva wameishika kwa mkono huohuo. Ivuliwe, au kifaa kihamie mkono wa pili.

Simu. Kuizima skrini hakusaidii, na hali ya ndegeni inapunguza tu. Izime kabisa, au iende ndani ya mkoba mgongoni.

Kamera ndogo ya kofia, glavu za kupasha joto, taa ya kichwa (za bei rahisi zina saketi yenye kelele mbaya kuliko simu), redio, na mkoba wa puto wa umeme kama mtu anao.

Kwa timu yenu nawashuku zaidi vifaa vya shimoni: kipimajoto cha kidijitali na kioo cha kukuzia chembe chenye taa ya LED. Vikibaki kwenye mfuko wa mbele wa jaketi, ndivyo hivyo unavyoeleza.

Sumaku nayo ni kitu kingine. Vifungo vya sumaku vya mifuko na glavu vinaweza kupotosha dira ya ndani, na kwenye baadhi ya vifaa vinaweza hata kuhamisha swichi. Mshale unaozunguka wakati namba imetulia, fikiria sumaku. Namba na mshale vyote vikiruka, fikiria umeme.

Ukishavua kila kitu na bado zinaruka, pishanisha watu: mpe mwenzake kifaa hichohicho. Tatizo likihama na mtu, ni vitu alivyovaa. Likibaki na kifaa, kirudishwe kwa mtengenezaji. Antena zimezungushwa kwenye vijiti vya feriti, na feriti hupasuka kikidondoka juu ya jiwe au sakafu ngumu, bila ufa wowote kuonekana kwenye ganda la nje. Kijiti kikipasuka, masafa (umbali ambao kifaa kinasikika) yanapungua na mawimbi yanaweza kuhama kutoka 457. Kiwango cha kiufundi cha transiva kinaruhusu kupotoka hezi 80 tu. Kinachochanganya ni kwamba kifaa kilichohama bado kinasikika karibu, kwa hiyo ukaguzi wa mita 1 asubuhi kinaupita, halafu mita 30 hakuna kitu.

Kwa hiyo kabla ya msimu pima masafa, usiishie ukaguzi wa asubuhi. Anayerusha alale mbali, msakaji aje kutoka nje ya masafa akitembea polepole, na mweke alama pale namba ya kwanza inapotulia. Fanya mara mbili: antena zikiwa zimenyooka mstari mmoja, kisha moja ikiwa imekingama nyingine. Namba ya pili itakuwa fupi, ni kawaida. Kisichokuwa cha kawaida ni kifaa kimoja kupata nusu ya wenzake wa aina ileile.

---

sahani_na_mpini

Naingia kwenye fimbo na beleshi, maana maswali ya transiva hujibiwa kurasa kumi na beleshi linapewa mstari mmoja, wakati muda mwingi unaliwa na kuchimba.

Fanya hesabu. Mtu yuko mita 1 chini. Shimo la upana mita 1.5, urefu mita 1.5, kina mita 1 ni mita za ujazo 2.25. Kifusi cha poromoko kikishatulia kina uzito wa kilo 300 hadi 500 kwa kila mita ya ujazo, chukua 400. Ni kilo 900. Sahani ya lita 2.5 ikijaa usawa wa ukingo inabeba kilo 1. Hata ukizidisha mlundo juu yake, ni mamia ya mabeleshi. Takwimu za Uswisi zinaonyesha aliyetolewa ndani ya dakika 10 ana nafasi ya kuwa hai takriban 9 kwa 10, na kati ya dakika 10 na 30 inaporomoka hadi 3 kwa 10. Sasa weka plastiki hapo.

Ubaya wa plastiki si kuvunjika tu. Kifusi kikisimama kinakaza ndani ya sekunde chache kama saruji, kwa sababu chembe zimesagwa na joto la msuguano linazigandisha pamoja. Sahani ya plastiki ikikutana nayo inapinda na kuteleza juu, haikati. Unapiga mara tatu kupata kipande ambacho alumini ingekata kwa pigo moja. Hayo mawili yatoe kabisa kwenye hesabu ya uokoaji. Yafae kusawazisha theluji laini ya kituo.

La kununua: sahani ya alumini iliyofanyiwa ugumu, bapa kiasi kwa nyuma ili ifae pia kusawazisha ukuta wa shimo, mpini unaorefuka, kishikio cha herufi D kinachoingia glavu nene. Mpini wa duaradufu hauzunguki mkononi kama wa duara. Ukipata lenye modi ya jembe, ambapo sahani inageuzwa nyuzi 90, chukua mawili kati ya sita. Watu wa nyuma kwenye mstari wa kuchimba wanavuta theluji kama wanapalilia, na mgongo hauchoki haraka.

Angalia kitufe cha kufungia mpini. Chemchemi yake huganda. Ukiunganisha beleshi lenye maji kwenye tundu, kitufe hakitoki na mpini unachomoka kwa pigo la kwanza. Kausha, na usipake mafuta mazito yanayoganda kwenye baridi.

Fimbo: sm 240 ni ya kuanzia, na kwa kazi yenu ningesema chini ya 300 isiingie. Sababu si kwamba watu wanafukiwa mita 3. Mara nyingi ni kama mita 1. Sababu ni kwamba unadunga ukiwa umesimama, fimbo ikiwa imekingama mteremko, na ile sm 60 hadi 80 ya juu ndiyo mpini wako. Fimbo ya 240 ikizama mita 2, umeinama kama unachuma mboga. Halafu ninyi mnapima kina cha theluji nayo kila siku, kwa hiyo urefu utalipa.

Kaboni ni nyepesi, lakini kwenye kifusi kigumu inapinda ikakwepa uelekeo na mara nyingine inapasuka maungioni. Kwa watu wa kazi, alumini yenye kipenyo cha mm 11 hadi 13.

Mambo yanayoharibika kwenye fimbo: kamba ya ndani inalegea, kufuli linafunga huku maungio yana nafasi, na ukidunga kipande kimoja kinabaki chini. Ifunge, ishike usawa, itikise. Ikigonga kelele, kaza kamba kwenye skrubu ya kufuli. Ncha yake nayo iangaliwe kama imekaza. Na shika kwa glavu. Mkono mtupu unaipasha fimbo, theluji inayeyuka, inaganda, na fimbo inakataa kukunjika au inakwama shimoni.

---

sahani_na_mpini

Nimesahau jinsi ya kuchimba, na beleshi zuri likitumiwa vibaya halisaidii.

Fimbo ikigusa, ISITOLEWE. Inabaki kama alama na kama kipimo: soma kina kwenye mistari. Kama ni chini ya mita 1, anza kuchimba hatua moja upande wa bondeni. Kama ni zaidi, shuka bondeni mara 1.5 ya kina. Kina mita 1.6, unaanza mita 2.4 chini. Kwenye mteremko mkali umbali huo unapungua, maana mlima wenyewe umeshakukatia njia. Hakuna mtu kusimama juu ya aliyefukiwa, wala upande wa mlimani wa fimbo. Kuna nafasi ndogo ya hewa mbele ya uso wake, na kilo 80 juu yake inaibomoa.

Mkiwa 4 au 5: herufi V, ncha ikiwa kwenye fimbo, mdomo bondeni. Wa mbele anakata vipande, anavisukuma nyuma, hainui. Walio nyuma wanapiga theluji chini kama wanapiga kasia. Kunyanyua theluji juu ya bega ni kujiua kwa uchovu dakika ya tatu. Mbadilishane kwa kuzunguka kila dakika 4 hivi, hata kama wa mbele anasema bado ana nguvu. Anasema uongo.

Kata kwanza, kisha sukuma. Kutumia beleshi kama nyenzo, yaani kulichomeka na kulikandamiza mpini, ndiko kunakovunja hata alumini.

Ukiona kiungo chochote, kisia kichwa kiko wapi na uelekee huko. Uso na kifua kwanza, miguu itasubiri.

---

mtunza_stoo

Asanteni sana. Ilikuwa kipimajoto kweli kwenye kifaa kimoja. Cha pili kinaruka hata mikononi mwa mtu asiye na kitu, kitarudi kiwandani.

Swali dogo: betri. Je, hizi za kuchaji zinafaa? Tunatumia nyingi.

---

baridi_kali

Kuchaji zinafaa tu mkuu, mradi zijazwe usiku. Voltiji ni karibu sawa.

---

mteremko38

Hapana, hapo tusimpoteze mwenzetu. Betri ya alkalini mpya ina volti 1.5 na inashuka taratibu, kwa hiyo kifaa kinakisia asilimia kwa kusoma voltiji. Ya kuchaji ya nikeli inakaa 1.2 kwa muda mrefu halafu inadondoka ghafla. Kifaa kinakuambia asilimia isiyo ya kweli, na ukihama kutoka kurusha kwenda kusaka, ambako umeme unatumika zaidi, kinazimika. Watengenezaji wengi wanataka alkalini. Lithiamu ya kutupa ni kwa vifaa vilivyoandikwa hivyo tu, na kama kifaa kina menyu ya kuchagua aina, ichague, la sivyo asilimia inadanganya vilevile.

Kiwango kinadai kifaa kirushe saa 200 kisha kisake saa 1 kwenye baridi ya nyuzi 10 chini ya sifuri. Kwa hiyo si kweli kwamba zinaisha haraka. Badilisha zikifika karibu asilimia 50, zote pamoja, za chapa moja. Zilizotoka ziende kwenye taa. Msimu ukiisha zitolewe. Betri inayovuja kwenye kabati miezi sita inakula miguu ya shaba, na kutu ya kijani kwenye mguso ndiyo chanzo cha vifaa vinavyojizima ukivitikisa.

Na ukikagua, fungua kifuniko na uangalie kwa macho. Skrini haioni kutu.

---

mlinzi_wa_shimo

Wote wamejibu vifaa, mimi naongeza jambo la kazi ya shimo ambalo orodha za wapanda milima hazina.

Beleshi na fimbo vyako havikuokoi wewe. Vinamwokoa mwenzako. Kinachokuokoa ni transiva yako mwilini na beleshi la mtu mwingine. Sasa angalia shimo la kupima theluji lilivyo: beleshi liko ndani linachimba, fimbo imesimikwa pembeni kama kipimo cha kina, mikoba imetupwa ukingoni, jaketi limevuliwa kwa jasho. Mteremko ukikatika hapo, kila kitu kinaondoka pamoja na watu wawili waliomo.

Kwa hiyo gawa hivi. Kwa watu 6 muwe na mabeleshi 8 na fimbo 8. Mbili mbili ni za kazi, zipakwe rangi mpini, zitumike, zichakae. Sita za uokoaji hazitoki mkobani. Shimoni wanaingia wawili, mmoja anakaa nje ya njia ya poromoko, mahali anapowaona, mkoba mgongoni, buti zimefungwa. Huyo hapimi chochote wala hapigi picha. Simu ya picha inakaa kwa aliye shimoni, redio inakaa kwa huyu wa nje, na likitokea jambo anaita kwanza, kisha anamkabidhi redio mtu asiyesaka au anaiweka mkobani nyuma.

Vifaa viwe ndani ya mkoba, mfuko wake wenyewe. Beleshi lililofungwa nje kwa kamba linang'olewa na theluji. Transiva iwe kwenye mkanda wake juu ya fulana, chini ya angalau nguo moja, uso wa skrini ukielekea mwilini. Akivua jaketi shimoni, transiva inabaki. Kama mtu anaibeba kwenye mfuko wa suruali, mfuko uwe na zipu na kamba ifungwe ndani. Kwenye mkoba, kamwe.

Mikoba ya puto: mbili mlizonazo wapeni wanaoingia shimoni, basi. Utafiti wa Haegeli na wenzake wa 2014 ulionyesha vifo kwa waliokumbwa vibaya vinashuka kutoka asilimia 22 hadi 11 puto likijaa. Ni faida kubwa. Lakini katika utafiti huohuo kwa mtu 1 kati ya 5 halikujaa, na sababu kubwa ni mwenyewe kutovuta mpini. Mtu aliyechuchumaa shimoni ameuvua mkoba, puto lipo ukingoni. Kwa hiyo kununua manne zaidi si kipaumbele kwenu. Yaliyopo: pima mtungi kwa mizani ya gramu na ulinganishe na uzito ulioandikwa juu yake, mpini utolewe kwenye zipu kabla ya kuingia mteremkoni, na mkanda wa katikati ya miguu ufungwe. Bila mkanda huo puto linauvuta mkoba mpaka kooni.

Fedha: transiva ya kurudisha kiwandani ishughulikiwe, mabeleshi manne ya alumini na fimbo tano za sm 300 na kuendelea, kisha siku za mazoezi. Itabaki.

---

mtunza_stoo

Nimekuelewa, hesabu ya 8 na 8 naichukua. La mwisho: wawili wakifukiwa karibu karibu, wale wa transiva za kampuni moja wanatumia kitufe cha kuweka alama (kifaa kinamficha aliyekwisha kupatikana ili kitafute mwingine), wengine wanasema kisitegemewe. Mnafundisha nini?

---

mteremko38

Fundisheni vyote viwili, alama na kusaka bila alama, alama kwanza. Kila kifaa kinarusha mdundo mfupi mara moja kwa sekunde hivi. Kusaka kunatofautisha wawili kwa kuona midundo yao haigongani. Ikigongana kwa muda, skrini inaonyesha mmoja au inachanganyikiwa. Dawa ni kusimama tuli sekunde kadhaa, si kukimbia ukizunguka. Midundo inaachana yenyewe.

Weka alama pale tu namba imeshuka chini ya mita 3 na umeshapata pa kudunga. Ukiweka mapema, ukiwa mita 8, unaweza kumfuta mtu usiyemjua. Baada ya alama ondoka, fuata mshale wa pili.

Alama ikishindwa, kwa mfano mmoja ana kifaa cha zamani chenye mlio usiokatika, saka kwa vipande vyembamba: pita eneo lote huku na huko mistari ikiwa mita 2 hadi 5 kutoka mmoja hadi mwingine, kifaa uelekeo uleule, na usimame kila namba inapofika chini kisha kuanza kupanda.

Kwa mtu mmoja, mambo matatu yanayokosewa ni yaleyale. Namba ikipanda unapofuata mshale mwanzoni, unafuata mkondo wa mawimbi kwa upande wa nyuma: geuka nyuzi 180. Mkondo umepinda, kwa hiyo njia yako itapinda, na namba si mita za rula. Ukifika 3, magoti chini, kifaa kiguse theluji, mwendo wa sm 10 kwa sekunde, usikizungushe tena. Pita mbele mpaka namba ipande, rudi kwenye ndogo kabisa, kisha kushoto na kulia vivyo hivyo. Raundi moja, ya pili kama muda upo. Ya tatu ni kupoteza dakika kutafuta 0.9 badala ya 1.0.

Hapo fimbo inaingia, nyuzi 90 na uso wa theluji na si wima kuelekea angani, pigo la kwanza kwenye namba ndogo, yanayofuata yakizunguka kama konokono, sm 25 kati ya tundu na tundu. Ardhi inagonga ngo! na kusimama. Mwili unapokea kama godoro na kurudisha kidogo. Wafukie mkoba uliojazwa nguo kina cha mita 1 na ubao kando yake, kila mmoja wa timu adunge vyote viwili akiwa amefumba macho.